Ndugu Wadogo na Elimu ya Mungu

Mwaka 2026 watimiza miaka 800 tangu alipofariki Mtakatifu Fransisko wa Asizi, jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226. Wakristo wengi wamjua kuwa fukara aliyeviita viumbe vyote ndugu zake. Sisi twapenda leo kukumbusha jambo jingine la shirika lake, nalo lahusu kila nyumba yenye mtoto aendaye shule.

Fransisko hakuwa msomi, naye aliihofia elimu, maana aliona jinsi iwezavyo kumvimbisha mtu kichwa. Katika Kanuni ya shirika, iliyothibitishwa na Papa Honorio III mwaka 1223, aliagiza kwamba ndugu wasiojua kusoma wasihangaikie kujifunza, bali watamani kuwa na Roho wa Bwana. Hata jina alilowapa, Ndugu Wadogo, lawakumbusha wasijikweze.

Lakini Mungu aliwaletea msomi. Antoni alikuwa mtawa wa shirika jingine huko Coimbra, nchini Ureno, mjuzi wa Maandiko Matakatifu. Mwaka 1220 yaliletwa huko masalio ya Ndugu Wadogo watano waliouawa Moroko kwa ajili ya Injili. Antoni akatamani kufa kama wao, akajiunga na mafukara hao. Baadaye Fransisko alimwandikia barua fupi ya kumruhusu awafundishe ndugu teolojia, kwa sharti moja: masomo yasizime roho ya sala.

Tazameni matunda ya sharti hilo. Antoni mwenyewe alitangazwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 1946. Bonaventura, mwalimu wa Paris aliyefanywa mkuu wa shirika zima mwaka 1257, aliandika kwamba kusoma bila ibada hakumfikishi mtu kwa Mungu. Yohane Duns Scotus, aliyefariki mwaka 1308, alitetea kwamba Bikira Maria, kwa mastahili ya Mwanae, alikingiwa dhambi ya asili tangu kutungwa kwake. Wataalamu wakubwa walisita. Lakini mwaka 1854 Papa Pio IX alilitangaza fundisho hilo kuwa sadikisho la imani.

Elimu hiyo haikufungiwa vyumbani. Mwaka 1219, wakati wa vita vya msalaba, Fransisko alikwenda bila silaha mbele ya Sultani al-Kamil wa Misri. Kisha aliwaagiza ndugu waendao kwa Waislamu kwanza wakae bila ugomvi, wakiwatii watu wote kwa ajili ya Mungu. Tena, waonapo kuwa yampendeza Bwana, watangaze Neno. Yohane wa Montecorvino, aliyefika Beijing yapata mwaka 1294, alijifunza lugha ya Watatari, akatafsiri kwayo Agano Jipya na Zaburi. Hata kwetu, mwaka 1921 Wakapuchini, ambao ni tawi la familia hiyo, walifika Dar es Salaam kutoka Uswisi. Na mmoja wao, Edgar Maranta, akawa Askofu Mkuu wa kwanza wa Dar es Salaam mwaka 1953.

Basi, enyi wazazi, mwajinyima na kuuza mifugo ili watoto wasome. Mwafanya vema sana. Lakini mtoto akirudi na vyeti vyake, kisha akaona haya kupiga magoti kando ya mama yake asiyejua kusoma, amepata hasara kubwa kuliko faida. Na mara nyingi kosa si lake peke yake: tulimwuliza kila siku juu ya alama zake, wala hatukumwuliza hata mara moja juu ya sala zake.

Tuwapeleke watoto shule, tena tuwahimize wafike mbali. Lakini jioni vitabu vifungwe kwa kitambo kidogo, baba atoe rozari, na msomi wa nyumba aitikie pamoja na wadogo zake. Huyo ndiye atakayeweza kesho kuwafundisha wengine.