Mwenye kanda ana haki ya kuifuta?

Julai 1969 watu wanaokadiriwa kufikia milioni 600 walikaa mbele ya televisheni zao kuwatazama Wamarekani wawili wakitembea juu ya mwezi. Yalikuwa ni matangazo ya moja kwa moja. Picha zilizopokelewa na mitambo ya ardhini zilikuwa safi kuliko zile zilizoonekana majumbani, kwani ilibidi kwanza zibadilishwe ndipo ziweze kurushwa na vituo vya kawaida. Miaka ya 2000 wataalamu walianza kuzitafuta kanda zenye picha zile safi. Hawakuziona. Mwaka 2009 Shirika la Anga la Marekani, NASA, likaeleza kwamba inaelekea kanda hizo zilifutwa miaka mingi nyuma, pamoja na maelfu ya nyingine, ili zitumike tena kurekodia mambo mengine.

Naam, ndugu msomaji. Taifa lililotumia mabilioni ya dola kufika mwezini lilibana matumizi kwenye kanda.

Wala si Marekani peke yake. Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilifuta sehemu kubwa ya vipindi vyake vya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, yakiwemo mengi ya matangazo yake yenyewe ya usiku ule wa mwezi. Kanda za video wakati ule zilikuwa ghali, nafasi ya kuziweka ilikuwa finyu, na mikataba na waigizaji iliweka mipaka ya kipindi kurudiwa. Ofisa aliyeamuru kanda ifutwe hakujiona mharibifu. Alijiona mtu mwangalifu wa mali ya umma.

Nilipowaeleza wanafunzi wangu habari hizi, kijana mmoja aliniuliza: "Ustadhi, kanda si zao? Mtu akifuta kilicho chake amemkosea nani?"

Swali hili si jepesi. Wengi wetu tungekimbilia kujibu kwamba huo ni ubadhirifu, na ubadhirifu umekatazwa. Lakini jibu hilo halitoshi, kwa sababu waliofuta walifuta kwa ajili ya kubana matumizi. Ukimwendea na hoja ya israfu atakwambia kwamba israfu ni kununua kanda mpya wakati ya zamani inafaa. Basi tutafute msingi mwingine.

Tuanze kwa kujiuliza: katika kanda moja mna haki za watu wangapi? Yupo aliyenunua kanda na mitambo. Yupo aliyetoa sauti yake, elimu yake au kipaji chake. Wapo waliosikiliza, ambao mara nyingi ndio waliolipia matangazo yenyewe kwa kodi au kwa ada. Mwenye chombo anamiliki plastiki na sumaku iliyopakwa juu yake. Kilichomo ndani kimetokana na wengi. Kwa hiyo kusema "ni changu" ni kusema sehemu tu ya ukweli.

Sisi Waislamu tunao mfano ulio karibu zaidi. Redio ya taifa ya Misri ilipofunguliwa Mei 31, 1934, sauti iliyoifungua ni ya Sheikh Muhammad Rifat, msomaji kipofu wa Cairo aliyezaliwa mwaka 1882. Alisita kwanza, akawauliza wanazuoni wa Al-Azhar kama inafaa Qur'ani kusomwa katika chombo hicho, na alipopata ruhusa akasoma mwanzo wa Surat al-Fat-h. Usomaji wa redio siku zile ulikuwa wa moja kwa moja. Msomaji alikaa mbele ya kipaza sauti, akasoma, akaondoka, na sauti ikaishia hewani. Katika miaka ya 1940 sheikh alipatwa na maradhi ya koo, akashindwa kusoma, na mwaka 1950 akafariki dunia.

Je, sauti tunayoisikia leo ikiitwa ya Sheikh Rifat ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitokana na santuri zilizorekodiwa na mpenzi wa usomaji wake, Zakaria Mahran Pasha, aliyekuwa akiyanasa matangazo hayo kutoka redioni. Hakuwa mtumishi wa redio. Alikuwa msikilizaji aliyeona kwamba kitu hiki hakistahili kupotea.

Hapa tuelewane. Qur'ani yenyewe haikuhitaji santuri ili ibakie. Imo katika vifua vya mamilioni, na ahadi ya kuhifadhiwa kwake imo ndani yake. Kilichokuwa hatarini ni namna mja mmoja, katika zama moja, alivyoisoma. Hicho hakikuahidiwa kuhifadhiwa. Kiliachwa mikononi mwetu.

Yule kijana angeweza kuniuliza tena: "Sheikh kafa, waliomsikiliza nao wamekufa. Sasa deni hili ni la nani?" Hili ni swali ambalo wanafalsafa wa Ulaya wamelijadili sana: mtu ambaye hajazaliwa anawezaje kuwa na haki juu yangu? Lakini Uislamu ulikwisha kulijibu kwa vitendo, karne nyingi zilizopita, kwa kuweka wakfu. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata ardhi Khaybar na kumuuliza Mtume (s.a.w.) aifanyie nini, alielekezwa aizuie ardhi yenyewe na mazao yake yawe sadaka. Haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Maana yake ni kwamba maskini ambaye atazaliwa miaka mia tatu baadaye tayari ana fungu lake katika shamba lile, na msimamizi anayelitelekeza anamdhulumu mtu asiyemjua. Basi jamii iliyozoea kumwekea asiyezaliwa kisima na msikiti haina sababu ya kushangaa ikiambiwa imwekee pia sauti na picha za waliotangulia.

Hata hivyo hoja hii ina mipaka, na si uadilifu kuificha. Si kila kilichorekodiwa kinastahili kuwekwa mbele za watu. Matangazo ya moja kwa moja hunasa pia kuteleza kwa ulimi, hasira, na aibu ya mtu ambaye pengine alitubia kwa Mola wake siku hiyo hiyo. Dini yetu imetuamrisha kusitiriana. Anayetunza mkanda wa miaka thelathini iliyopita ili amdhalilishe mzee wa watu leo hahifadhi historia huyo, anahifadhi silaha. Kwa hiyo tutofautishe kutunza na kutangaza. Inawezekana kitu kikatunzwa kabatini kwa ajili ya ushahidi na utafiti, bila ya kurushwa kwa ajili ya kicheko.

Wengine watasema: mbona Sayyidna Uthman (r.a.) aliamuru nakala nyingine za msahafu zichomwe? Ni kweli. Lakini tazama alivyofanya. Masahaba walishirikishwa, nakala sahihi iliandikwa kwanza na kupelekwa katika miji, na sababu ilikuwa kuwaepusha watu wasihitilafiane katika Kitabu chao. Palikuwa na shura, palikuwa na nakala, palikuwa na maslahi ya umma. Kanda za London zilifutwa bila ya umma kuulizwa, mara nyingi bila ya nakala kubakizwa, na sababu ilikuwa gharama na nafasi ya rafu. Basi mwenye kutaka kuharibu kumbukumbu aulizwe mambo hayo matatu, na akikosa hata moja, asubiri.

Kuna pia upande wa yule aliyerekodi bila ya ruhusa. Vipindi kadhaa vya Uingereza vilivyofutwa vinasikika leo kwa sababu tu watazamaji walinasa sauti nyumbani kwa tepurekoda zao. Na vingine vilipatikana Afrika. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba filamu za vipindi tisa vya mchezo wa Doctor Who, ambavyo BBC yenyewe haikuwa navyo, zimekutwa katika kituo cha televisheni cha Jos, Nigeria. London ilikuwa imeuza nakala kwa vituo vya nje, ikafuta asili, na Jos ikabaki nazo. Je, aliyezibakisha ni mwizi au ni mwenye kushika amana? Kwa maoni yangu jibu liko katika alichokifanya baadaye. Akiuza kwa faida yake amekula haki ya mtu. Akitunza, na mwenyewe akitokea akampa, huyo ametimiza amana.

Sasa turudi kwetu, maana ni rahisi kuicheka London. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania Bara ilianza kuwa na vituo mwaka 1994. Kabla na baada ya hapo mihadhara, maulidi na mashindano ya Qur'ani yalirekodiwa kwa kaseti na mikanda ya video, ikauzwa milango ya misikiti baada ya Ijumaa. Mikanda hiyo iko wapi? Katika madrasa moja niliyopata kufundisha, mkanda wa mashindano ya Qur'ani ya miaka ya nyuma ulikutwa umerekodiwa harusi juu yake. Sauti za watoto wale, ambao baadhi yao sasa ni maimamu na baadhi wamekwisha tangulia mbele ya haki, zimekwenda.

Na muda haupo. Sumaku ya kanda huchakaa, joto na unyevu wa pwani huleta ukungu, na deki za kuichezea zinatoweka. Kampuni ya Funai ya Japani iliacha kutengeneza deki za VHS mwaka 2016. Mwaka 2019 UNESCO, pamoja na wataalamu wa hifadhi za sauti na picha, walitahadharisha kwamba kufikia 2025 huenda vifaa vya kuchezea kanda za sumaku visipatikane tena kwa kazi ya kawaida. Mwaka huo umeshafika.

Kipi kifanyike? Kamati ya msikiti haihitaji mfadhili kutoka Ghuba ili ianze. Ikusanye kanda kwa waumini. Juu ya kila moja iandikwe nani anasema, wapi, mwaka gani, na nani aliyeitoa. Itafute fundi mwenye deki nzima, izihamishie kwenye kompyuta, na nakala mbili ziwekwe sehemu mbili tofauti. Familia ya mhadhiri iulizwe ruhusa kabla ya kusambaza.

Yale maandishi juu ya kanda msiyapuuze. Wanazuoni wa hadithi walikataa habari isiyo na isnadi hata kama maneno yake ni mazuri. Siku hizi kompyuta inaweza kutengeneza sauti ya sheikh aliyekufa, ikamsemesha asiyoyasema. Kesho mtu akileta fatwa ya uongo kwa sauti ya mwalimu wetu, tutamkanusha kwa kitu gani, ikiwa kanda ya asili tuliifuta ili kurekodi harusi?

Wallahu a'alam.