Hadithi ya Upelelezi na Haki ya Mtuhumiwa

Liko swali ambalo nimeulizwa mara nyingi na watunzi wenzangu, tena kwa sauti ya kunisuta: mtu mzima, mwenye kuzijua tenzi na kuithamini lugha, huona utamu gani katika kitabu kinachoanza na maiti? Swali hilo si la mzaha. Ikiwa kuua ni uovu, na hapana kabila wala dini katika nchi yetu inayosema vingine, basi mtu anayekaa na habari za mauaji mpaka taa ikaisha mafuta, naye akafurahi, anastahili kuulizwa furaha hiyo aitoa wapi.

Jibu linalotolewa upesi ni kwamba binadamu hupenda damu. Mimi silikubali. Mwenye kupenda damu angetosheka na kurasa za mwanzo, pale maiti inapoonekana. Asingekuwa na haja na kurasa mia zinazofuata, ambazo aghalabu hazina damu hata tone, bali zina maswali tu: nani alikuwa wapi, saa ngapi, nani aliona, na aliyeona alisimama upande gani wa mlango. Hayo ndiyo yanayomkesha msomaji.

Na tumtazame aliyeuleta utanzu huu katika Kiswahili. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Kabla ya kuwa mhariri wa magazeti alikuwa mkaguzi katika Idara ya Afya. Yaani alikuwa mtumishi wa serikali kama mimi, jambo ambalo hunifariji ninapoyaangalia mafaili mezani pangu. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957-58, ikatolewa kitabu mwaka 1960. Wapo waliosema kwamba Bwana Msa, mpelelezi wake, ni Sherlock Holmes aliyehamia Unguja: kiko kipo, na rafiki wa kumstaajabia yupo, naye ni Najum. Ni kweli. Holmes alitokea Uingereza mwaka 1887, na hata yeye alimrithi mpelelezi wa Edgar Allan Poe, Mmarekani, wa mwaka 1841. Lakini kuazima jembe si kuazima shamba. Katika hadithi ya Abdulla maiti inapatikana mahali pa mzimu, na jibu lililo karibu kabisa na mkono ni kwamba mizimu imefanya kazi yake. Bwana Msa halitukani jibu hilo, ila hatosheki nalo. Anaendelea kuuliza. Swali hilo halikuandikwa kwa ajili ya London. Liliandikwa kwa ajili yetu.

Waliokuja baadaye walishika njia nyingine. Katika Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, iliyotoka mwaka 1974, Willy Gamba ni jasusi, na bastola yake ina haraka kuliko maswali yake. Sina ugomvi naye, nilimpenda ujanani. Ila mapenzi hayo yalipungua kadiri miaka ilivyoongezeka, na ya Bwana Msa hayakupungua.

Utamu wenyewe, kwa upande mmoja, ni utamu wa kitendawili. Bibi zetu walitega, sisi tukatafuta, na tuliposhindwa tulitoa mji ndipo tukaambiwa. Sharti lilikuwa moja: jibu liwe ndani ya kitendawili chenyewe. Mtegaji aliyeficha jambo ambalo halikuwamo katika maneno yake alizomewa. Hadithi njema ya upelelezi hufuata sheria hiyo hiyo, na kwangu mimi sheria hiyo ni kama mizani katika shairi. Mtunzi akiivunja, sikio hujua.

Wala upelelezi wenyewe si mgeni huku kwetu Mara. Ng'ombe wakiibiwa, watu hufuata nyayo. Wenye kuijua kazi hiyo husoma kinyesi kama kimekauka au la, majani yamelalia upande upi, na kwato gani ina pengo. Ni elimu kubwa, nami huwavulia kofia wenye nayo. Lakini kwa desturi, nyayo zikiishia katika kijiji fulani, kijiji hicho huulizwa na kutakiwa kulipa, mwizi na asiye mwizi pamoja. Nyayo zimefika kwenye watu. Hazijafika kwa mtu. Mpelelezi wa kitabuni hana ruhusa ya kukoma hapo. Akikuta nyumba yenye watu saba, na kila mmoja ana sababu ya kumchukia marehemu, lazima aendelee mpaka abaki mmoja, na hao sita wawe huru. Msomaji humkumbuka huyo mmoja aliyepatikana. Mimi siku hizi huwafikiria zaidi hao sita.

Nitaeleza kwa nini.

Mwaka 1983, nilipokuwa na miaka 13, maiti ya kijana mvuvi ilikutwa kwenye matete, hatua chache kutoka mwalo wa Mwigobero hapa Musoma. Hakuna aliyeichunguza. Kabla jua halijawa kali jina la bibi mmoja lilikuwa limekwisha kupita mwaloni kote. Alikuwa mjane aliyebanika furu na kuwauza. Kijana alikuwa na deni lake, nao walikuwa wamegombana mbele ya watu. Tena macho yake yalikuwa mekundu. Katika mikoa hii ya Ziwa wanawake wazee wengi wameuawa kwa macho mekundu, na macho hayo yalitiwa wekundu na moshi wa jikoni, moshi ule ule uliowapikia hao wenye kuwatuhumu.

Mzee mmoja aliuliza ni nani aliyemwona bibi yule alfajiri. Nilinyoosha mkono. Nilisema nimemwona amesimama majini. Nilisema kweli tupu, na wazee walinisifu kwa ushujaa.

Hawakuniuliza swali la pili: je, umepata kumwona hapo siku nyingine? Ningelijibu kwamba nilimwona kila siku alfajiri, akiosha samaki, na ndiyo sababu nilijua mahali pa kumtazama. Swali hilo lilikuwa na maneno machache, na halikuhitaji askari wala mganga. Usiku ule kibanda chake kilipigwa mawe. Kesho yake aliondoka kwa mtumbwi, na mizigo yake ilikuwa sufuria mbili na chungu.

Baada ya miezi kadhaa mvuvi mwingine, akiwa amelewa, alisema waliyoyaficha: walikuwa wanakunywa chomboni usiku ule, kijana akaanguka majini, nao wakaogopa wakakimbia. Watu walisikitika kwa siku mbili hivi. Hakuna aliyetumwa kumfuata bibi.

Mwaka 1984 Hati ya Haki iliingizwa katika Katiba yetu, na ibara ya 13 inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla ya hatia yake kuthibitika. Ni maneno mazuri, nami nimeyanakili kwa mwandiko wangu mara nyingi kazini. Lakini Katiba husema na mahakama, na mwaloni hapana mahakama. Pale pana watu waliofiwa, wenye uchungu unaotaka pa kutua upesi. Uchungu huo ni wa haki, siudharau. Ubaya wake ni haraka. Naamini kwamba tunaipenda hadithi ya upelelezi kwa sababu, kwa muda wa kurasa mia mbili, inatulazimisha kufanya jambo tusiloliweza maishani: kukaa na maiti, kukaa na huzuni, na kuzuia kidole kisinyooke.

Najua upungufu wake. Marehemu wa vitabu hivi huliliwa kidogo mno. Wengine huuawa ili tu kitendawili kiwepo, na mama wa marehemu hatumwoni. Wahakiki walioziita fasihi pendwa, kwa dharau, hawakukosa kabisa. Ningependa kusoma hadithi ya upelelezi yenye matanga ya kweli ndani yake. Labda itaandikwa na kijana anayesoma ukurasa huu, maana mimi nimezoea vina na nathari hunichosha.

Mzimu wa Watu wa Kale nilikisoma nikiwa kidato cha pili, bwenini, kwa mwanga wa koroboi, kitabu kisicho na jalada kilichopita mikono mingi. Nilikuwa nangoja mizimu. Badala yake nilimkuta mtu mwenye kiko, asiye na haraka, anayemrudia shahidi msema kweli na kumwuliza tena. Nilikifunga kitabu, nikazima taa. Kwa wakati huo kibanda cha bibi kilikuwa kimekwisha kuwa ghala la nyavu, na kila likizo nilipita mbele yake nikienda kuoga ziwani.