Je, Ni Moyo Uliochagua, au Ni Njia?

Twaona ya kuwa wachumba wengi hufanana: kabila moja, dini moja, elimu sawa, hata hali ya makwao ni sawa. Wakiulizwa sababu hujibu, "Kipendacho moyo ni dawa." Basi na tufikiri: je, ni moyo uliochagua, au ni njia iliyowakutanisha?

Zamani, katika mitelemko ya Mlima Meru, kijana aliwajua wasichana wa ng'ambo ya kijito, wala si wa Kondoa. Hakuwakataa wa Kondoa, hakuwaona kamwe. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mwaka 1929 reli ilifika Arusha, na mji ukazidi kukua. Leo hapa Sombetini Mwarusha, Mmeru, Mchaga na Mrangi ni majirani. Jambo hili si letu tu. Huko Philadelphia, Marekani, mtaalamu James Bossard alichungua hati 5,000 za ndoa za mwaka 1931, akaona ya kuwa theluthi moja ya wachumba walikaa karibu karibu, wasitengwe ila na njia panda tano au pungufu.

Lakini tusiseme kwamba moyo hauna kazi. Kijana akiwapita majirani wote, akaenda mbali kumtafuta mtu wa kabila lake, hapo amechagua. Tena tuulize, ni yeye aliyechagua, au ni baba yake? Mtumishi wa Ibrahimu alitumwa kwa jamaa ya bwana wake; hata hivyo Rebeka mwenyewe aliulizwa kama atakwenda. Naye Ruthu Mmoabi alikutana na Boazi kwa kuokota masazo shambani mwake. Kabila halikuwa kizuizi, kwa kuwa Boazi alikwisha kusikia habari za wema wake.

Basi, kufanana kulikoletwa na njia si sifa ya kujivunia. Mzazi aliyemlea mwanawe Sombetini, akamtia shuleni na kwayani pamoja na watoto wa makabila yote, kisha akaikataa posa kwa ajili ya kabila tu, amefungua mlango kwa mkono wa kuume na kuufunga kwa wa kushoto.

Nanyi vijana, jiulizeni: "Kama ningalijuana na wengine kumi, huyu ningalimpenda kwa lipi?" Ukijibu, "Kwa uaminifu wake," shukuru. Ukijibu tu, "Ni wa kwetu," ngoja kwanza, umjue.