Usawa wa Namba na Mawe Mawili ya Mizani

Swali la lini vitu viwili huhesabiwa kuwa sawa ni la kale katika falsafa, na Kiswahili kinalibeba kwa maneno ambayo hayawezi kubadilishana nafasi: kitu huwa kile kile, au hulingana na kingine kwa thamani, au hukikaribia tu. Anayesema kwamba mbuzi yule yule amerudi zizini ana dai moja, anayesema kwamba mbuzi wawili wana bei sawa ana dai la pili, na anayesema kwamba bei zao zinakaribiana ana dai la tatu, ingawa mara nyingi wote watatu hutosheka na neno moja, yaani "sawa". Tofauti hizo, ambazo katika mazungumzo hupita bila kudhuru, humbana mwandishi wa programu ya kompyuta pale anapoandika jaribio, ambalo ni kipande cha programu kinachokagua kazi ya kipande kingine. Kiini cha jaribio ni tamko, yaani sentensi inayodai kwamba matokeo ni haya na si mengine, na ambayo ikikanushwa na matokeo yenyewe jaribio zima huanguka. Tamko kwa hiyo ni ushahidi, na ushahidi wenye neno la maana tatu hauwezi kumhukumu mtu kwa haki.

Jambo hili halikai katika vyumba vya wataalamu peke yake. Kabati, mji wa soko ulioko Kitui Magharibi kwenye barabara itokayo Kitui kwenda Migwani na Mwingi, umezungukwa na wakulima wa ndengu, kunde na mbaazi, na mazao hayo hupimwa kwa njia mbili zinazoishi pamoja: gorogoro, kopo linalohesabiwa kuwa la kilo mbili, na mizani ya kilo. Gorogoro lililojazwa mpaka likaota kilele na gorogoro lililofutwa kwa kiganja huitwa kwa jina moja, lakini mkulima na mnunuzi wote wanajua kwamba si kipimo kimoja. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mnamo Machi 2007, malipo ya mazao kama hayo yanaweza kupita kwenye simu, na hapo kilele cha gorogoro huhamia mahali pasipoonekana kwa macho, yaani katika tarakimu zilizo nyuma ya nukta.

Kompyuta kwa kawaida huhifadhi namba zenye nukta katika mfumo wa binari, wenye tarakimu mbili tu, sifuri na moja. Kama vile theluthi isivyoweza kuandikwa kikamilifu kwa desimali, kwa kuwa tarakimu za 0.333... hazina mwisho, ndivyo sehemu moja ya kumi isivyoweza kuandikwa kikamilifu kwa binari. Ndiyo sababu lugha nyingi za programu, zikijumlisha 0.1 na 0.2 kwa njia hiyo ya kawaida, hutoa 0.30000000000000004. Kwa ajili ya fedha, lugha ya Java ina aina ya namba iitwayo BigDecimal, ambayo huhifadhi tarakimu za desimali kama zilivyo pamoja na idadi ya nafasi zilizo nyuma ya nukta. Ikiundwa kutokana na maandishi "0.1" hubaki sehemu moja ya kumi kamili, lakini ikiundwa kutokana na namba ya binari hurithi kasoro yote ya binari, na kuikariri kwa uaminifu mpaka tarakimu ya mwisho. Usahihi wa chombo hauwezi kurudisha kilichopotea kabla ya chombo kupokea.

Ichukuliwe kwamba mkulima analeta kilo 37.4 za ndengu na bei ni shilingi 85.50 kwa kilo. BigDecimal ikizidisha namba hizo hutoa 3197.700, kwa sababu nafasi moja ya desimali na nafasi mbili zikikutana katika kuzidisha huwa tatu. Jaribio likitamka kwamba malipo ni sawa na 3197.70, huku likitumia usawa ulio mkali zaidi, litaanguka, ingawa hakuna hata senti iliyokosewa. Katika usawa huo namba mbili ni sawa pale tu zinapolingana kwa thamani na pia kwa idadi ya nafasi, na matokeo yake ni ya ajabu kwa mgeni: ghala la data lenye kuzuia marudio kwa kutumia usawa huo huzipokea 1.0 na 1.00 kama vitu viwili, ilhali ghala linalopanga namba kwa kuzilinganisha thamani huziona kuwa kitu kimoja.

Ni rahisi kuiita tabia hii kosa la waliobuni Java, lakini hukumu hiyo ni ya haraka mno. Mwanafalsafa Mjerumani Gottlob Frege, katika makala yake ya mwaka 1892 kuhusu maana na kirejelewa, alionyesha kwamba majina mawili yanaweza kuelekea kitu kimoja na bado yakabeba maarifa tofauti; mfano wake ulikuwa nyota ya asubuhi na nyota ya jioni, ambazo zote mbili ni Zuhura. Vivyo hivyo kilo 12.5 na kilo 12.50 ni uzito mmoja, lakini andiko la pili lina ushahidi wa ziada, kwamba mizani ilisomwa mpaka gramu kumi na ikakutwa hapo pana sifuri. Sifuri hiyo haiongezi uzito, inaongeza neno la shahidi. Wapo wakaguzi wanaoihitaji na wapo wasioihitaji, na kinachotakiwa ni jaribio kusema liko upande gani.

Hapa ndipo unapoonekana ubora wa matamko yenye mtiririko, mtindo wa kuandika programu ambamo amri hufuatana na kusomeka kama sentensi ya kawaida, na ambao wataalamu wa programu Eric Evans na Martin Fowler waliupa jina mwaka 2005. Maktaba ya AssertJ, inayotumiwa na waandishi wa Java, hutenganisha waziwazi madai matatu: kwamba namba ni sawa kwa thamani na kwa umbo, kwamba ni sawa kwa kulinganishwa thamani, na kwamba iko karibu na nyingine ndani ya umbali uliotajwa. Wengi huusifu mtindo huu kwa kuwa unapendeza kusoma. Sifa hiyo ni ndogo. Faida yake kubwa ni kwamba mwandishi hawezi kumaliza sentensi bila kuchagua aina ya usawa, na msomaji anayekuja baada yake, hata kama ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kikuu cha SEKU kilichoko Kwa Vonza, anaweza kumuuliza kwa nini alichagua hivyo.

Maandiko ya dini yanalijua tatizo hili kwa undani kuliko inavyodhaniwa. Kumbukumbu la Torati, katika sura ya 25, hukataza mtu kubeba mfukoni mawe mawili ya kupimia, moja zito na jingine jepesi. Na sura ya 83 ya Kurani, Al-Mutaffifin, huwalaani wanaodai kipimo kamili wanapopokea na kupunguza wanapotoa. Katika maandiko yote mawili kinachohukumiwa si mizani kukosa ukamilifu wa mwisho, ambao hakuna mizani iliyoufikia, bali vipimo viwili kupewa jina moja na kutumiwa kwa zamu kulingana na faida ya mwenye mizani. Programu inayopandisha senti inapotoza na kuikata inapolipa ina mawe mawili mfukoni, na jaribio linaloipitisha kwa neno "karibu" linakuwa mfuko wenyewe.

Hata hivyo ukaribu si dhambi popote unapotajwa. Aristotle, mwanzoni mwa kitabu chake cha maadili kinachoitwa Nikomakea, alifundisha kwamba aliyeelimika hudai usahihi wa kiasi kile ambacho asili ya jambo inakiruhusu. Uzito wa gunia ni kipimo cha kitu cha kimwili, na sheria za vipimo zenyewe huikubalia mizani kosa dogo lenye mpaka. Jaribio la programu inayosoma mizani lina haki ya kutamka ukaribu. Deni ni jambo la namna nyingine. Bei ikishakubaliwa na uzito ukishaandikwa, kiasi anachodaiwa mnunuzi hakipimwi tena, kinahesabiwa, na katika kuhesabu hakuna upepo wa kuyumbisha mizani.

Madhara ya kupuuza jambo hili yalionekana katika soko la hisa la Vancouver, Kanada, ambako kipimo cha bei za hisa kilianzishwa mwaka 1982 kikiwa 1000.000. Kila kilipohesabiwa upya, tarakimu zilizozidi nafasi tatu zilikatwa badala ya kukadiriwa kwenda upande ulio karibu, na kufikia Novemba 1983 kilisomeka 524.811 wakati thamani ya kweli ilikuwa 1098.892. Kila mkato mmoja, ukikaguliwa kwa tamko la ukaribu, ungepita. Kwa hofu hiyo hiyo ya makosa madogo yanayorundikana upande mmoja, upo ukadiriaji unaopeleka nusu kwenye tarakimu shufwa iliyo jirani, ili nusu zisielemee upande mmoja siku zote.

Mgawanyo ndio mtihani mgumu zaidi. BigDecimal ikiambiwa igawanye kumi kwa tatu bila kupewa kanuni ya kukadiria, hukataa kujibu na kutangaza hitilafu, na kukataa huko ni uadilifu unaostahili heshima. Wanazuoni wa mirathi ya Kiislamu walikutana na ukinzani wa jamii hiyo: mume mwenye nusu na dada wawili wenye thuluthi mbili wanafanya sehemu saba za sita, na kanuni ya aul hupunguza wote kwa uwiano, mume akapata sehemu tatu kati ya saba na dada wote wawili sehemu nne kati ya saba, bila mrithi yeyote kubeba upungufu wa wengine kimyakimya. Chama cha akina mama watatu kinachogawana shilingi 1,000 kina upungufu mdogo zaidi lakini swali ni hilo hilo, kwani 333.33 mara tatu ni 999.99. Waandishi wa programu za vyama, vikiwemo vya ushirika, wanaombwa waandike matamko manne katika jaribio la mgao huo, yote ya thamani kamili: mafungu mawili ni 333.33, fungu moja ni 333.34 na mwenye kulipata ametajwa, na jumla ni 1,000.00.