Tusimsingizie Mungu Foleni

Anayetaka kuendesha gari kutoka Miami hadi mpaka wa Kanada kwa barabara ya I-95 ana zaidi ya kilomita 3,000 mbele yake, na katika urefu huo hakosi kukuta lami inachimbuliwa, daraja linakarabatiwa au njia tatu zimebanwa zikawa moja. Sehemu kubwa ya kazi hizo hutangazwa mapema. Majimbo mengi ya Marekani yana namba ya simu, 511, inayoeleza ni kipande gani kimefungwa na hadi lini. Sasa, msafiri anayepanga hata saa ya kupita Washington ili foleni ya jioni isimkute, je, anajitwalia madaraka yasiyo yake? Waumini wengi, wa msikitini na wa kanisani, hulijibu swali hili kwa haraka mno. Mimi nashikilia kwamba kupanga si kukosa imani, na kwamba asiyepanga ndiye aliye karibu zaidi na kumkosea Mungu, kwa sababu humtwika Yeye mzigo wa uzembe wake.

Pingamizi zito linatoka katika maandiko yenyewe. Waraka wa Yakobo, sura ya nne, unawakemea wafanyabiashara wanaojigamba kwamba watakwenda mji fulani, wakae mwaka, wapate faida. Sura ya Al-Kahf nayo inakataza kuahidi jambo la kesho bila kulifungamanisha na matakwa ya Mwenyezi Mungu. Lakini tuangalie kinachokemewa hasa. Kuulizia njia hakukatazwi, wala kuhesabu siku za safari. Kinachokatazwa ni kuizungumzia kesho kana kwamba tayari iko mfukoni. Wafanyabiashara wale hawaambiwi wabaki nyumbani. Mtu anayesema inshallah huku amelipuuza tangazo lililo wazi amelifanya jina la Mungu kuwa kichaka cha kujifichia, na hilo ni kosa kubwa kuliko majigambo.

Sheria ya Marekani ya saa za madereva wa malori, ambayo haikuandikwa na wanateolojia, imeligusa jambo hili kwa umakini unaostahili kuigwa. Dereva wa mizigo huruhusiwa kuendesha saa 11 tu, ndani ya saa 14 tangu aanze kazi, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Akikumbwa na theluji, ukungu au hali ya barabara isiyo ya kawaida, anaweza kuongezewa hadi saa 2. Sharti ni kwamba jambo hilo liwe halikujulikana, wala lisingeweza kujulikana kwa uangalifu wa kawaida, kabla hajaianza siku yake. Ujenzi uliotangazwa wiki nzima haumpi hata dakika moja. Tarehe 11 Juni 2023 lori la mafuta liliwaka moto chini ya I-95 mjini Philadelphia, na kipande cha barabara kikaanguka. Dereva aliyekuwa tayari safarini asubuhi ile angeweza kuidai nafuu hiyo. Aliyeondoka kesho yake asingeweza, maana habari zilikwisha kuenea kila mahali.

Wapo watakaosema kwamba basi, kwa simu za siku hizi, hakuna kisichojulikana. Hawajatazama vizuri. Simu hutabiri mwendo wa watu, na watu hao hao wanausikiliza utabiri: ikiwaelekeza maelfu kwenye barabara moja ya kando, foleni huhamia huko. Ndiyo maana mpango wa mtu mwenye hekima huacha nafasi ya kuchelewa.

Linalonisumbua zaidi ni daraja la I-35W la Minneapolis, lililoanguka jioni ya tarehe 1 Agosti 2007, magari yakiwa yamejaa na matengenezo yakiendelea juu yake. Watu 13 walikufa. Kwa waliokuwa ndani ya magari, hakuna ratiba ambayo ingewaonya. Lakini wachunguzi walikuta kwamba vibamba vya chuma vilivyounganisha mihimili vilisanifiwa vyembamba kuliko ilivyotakiwa, tangu miaka ya 1960, na siku hiyo mchanga, kokoto na mitambo ya ujenzi vilikuwa vimerundikwa juu ya sehemu hiyo dhaifu. Kilichokuwa kudra kwa abiria kilikuwa kosa la hesabu mezani kwa msanifu. Kwa hiyo mpaka kati ya majaaliwa na uzembe hauko mahali pamoja kwa watu wote. Hutegemea nani alikuwa na uwezo wa kujua.

Hilo linawahusu moja kwa moja wenye malori wanaowapangia wengine safari, na leo miongoni mwa madereva wao wamo wahamiaji kutoka Kongo, Somalia na Kenya. Mwenye lori anayempa dereva mzigo wa saa 11 kamili, bila hata nusu saa ya ziada, hali akijua kwamba barabara imebanwa kwa ujenzi, hana haki ya kumwambia baadaye kwamba kuchelewa kulikuwa mapenzi ya Mungu, wala ya kumkata malipo kwa kuchelewa huko.