Mikono ya Daktari na Toba

Kila mwaka chuo cha udaktari kilicho jirani na usharika wetu kinapopokea wanafunzi wapya, huwaita mbele ya madhabahu Jumapili ya kwanza na kuwaombea. Kwa kawaida mzee mmoja wa kanisa huwapa neno juu ya Luka tabibu, na juu ya wamisionari waliojenga hospitali. Vijana husikiliza kwa adabu, na wazazi waliowasindikiza hufuta machozi ya furaha.

Mwaka mmoja mwalimu wao wa historia ya tiba, ambaye ni msharika mwenzetu, alitueleza kwamba yeye haanzi na mashujaa. Siku ya kwanza hufundisha kosa. Baadhi yetu tulishtuka. Mzee mmoja akamwuliza, "Ndugu yangu, hiyo si dhambi ya Hamu, kuwaonyesha watoto uchi wa baba yao?" Swali hilo halikuisha siku ile. Je, ni haki kumfunulia kijana makosa ya waliomtangulia, hata kabla hajamgusa mgonjwa wake wa kwanza?

Kosa lenyewe ni hili. Katika Hospitali Kuu ya Vienna, nchini Austria, kulikuwa na wodi mbili za wazazi. Ya kwanza ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wa udaktari. Ya pili na wakunga. Mwaka 1846, katika wodi ya kwanza, akina mama 459 walikufa kati ya 4,010 waliojifungua, wengi kwa homa ya uzazi. Katika wodi ya pili walikufa 105 kati ya 3,754. Habari hizo zilijulikana mjini. Wanawake walipiga magoti na kulia wasipelekwe wodi ya kwanza. Hata waliojifungulia njiani, kabla ya kufika hospitalini, walipona zaidi kuliko waliofika mikononi mwa madaktari.

Daktari kijana kutoka Hungaria, Ignaz Semmelweis, alitafuta sababu kwa bidii. Wengine walidhani akina mama walikufa kwa hofu, kwa kuwa padri alipita wodini akipeleka sakramenti kwa waliokuwa wakifa, huku kengele ikilia mbele yake. Semmelweis alimwomba padri apite njia nyingine, bila kengele. Vifo havikupungua.

Mwaka 1847 rafiki yake, profesa Jakob Kolletschka, alichomwa kidole kwa kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti. Akaugua, akafa. Semmelweis aliposoma taarifa ya uchunguzi wa mwili wake, aliona ugonjwa uleule uliokuwa ukiwaua akina mama. Ndipo akaelewa. Madaktari na wanafunzi walitoka kupasua maiti, wakaenda moja kwa moja kuwapima wazazi. Wakunga hawakupasua maiti. Mwezi Mei akaagiza kila mtu anawe mikono kwa maji yenye chokaa ya klorini kabla ya kumgusa mama. Aprili walikuwa wamekufa zaidi ya 18 katika kila 100. Juni walikufa kama 2.

Hapo, anasema mwalimu, darasa huwa kimya. Waliopeleka kifo wodini hawakuwa watu waovu. Walikuwa wanafunzi wenye bidii, waliopasua maiti ili wapate maarifa ya kuokoa watu. Semmelweis mwenyewe alikuwa mmoja wa wenye bidii zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka 1861 alikiri kwamba yeye pia alikuwa amewapelekea wengi mauti, na hesabu yao akamwachia Mungu.

Si wote waliopokea habari hiyo kwa namna moja. Kule Philadelphia, Marekani, profesa Charles Meigs alikataa kabisa kwamba daktari aweza kubeba homa ya uzazi, akafundisha kuwa daktari ni muungwana, na mikono ya muungwana ni safi. Huko Kiel, Ujerumani, daktari Gustav Michaelis aliamini. Akamkumbuka binamu yake aliyemhudumia, ambaye baadaye alikufa kwa homa hiyo. Hatia ikamzidi, na mwaka 1848 akajiua. Hatumhukumu. Tunasikitika tu kwamba yaelekea hakupata mtu wa kukaa naye usiku ule.

Sisi tunaosoma Maandiko tunazijua njia hizo. Pilato alinawa mikono mbele ya watu ili aseme hana hatia. Yuda alijua kosa lake, akaenda kujinyonga. Petro naye alimkana Bwana mara tatu, akatoka akalia, lakini baadaye akakubali kuulizwa mara tatu kando ya moto wa makaa, kisha akakabidhiwa kondoo. Daktari atakayekosa, na hakuna asiyekosa, atasimama mbele ya njia hizo tatu. Ni heri azijue mapema, angali darasani.

Na dhambi ya Hamu? Shemu na Yafethi walifanya vema kumfunika baba yao aliyelala amelewa hemani mwake. Aibu ile ilikuwa yake, haikumwua mtu. Lakini Nathani hakumfunika Daudi, kwa sababu Uria alikuwa amekufa. Na Maandiko hayakuificha habari hiyo, ingawa Daudi ni mfalme mpendwa. Panapokuwa na kaburi la mtu mwingine, kufunika si heshima tena. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na walioficha yaliyotokea katika wodi za wazazi waliongeza majeneza.

Jambo hili si la Vienna tu. Miaka kadhaa iliyopita tulimzika mama mmoja wa kwaya yetu, aliyekwenda kujifungua akiwa mzima. Hatujui kama kulikuwa na kosa, wala hatumshtaki mtu. Lakini mumewe alipouliza, kila aliyemwuliza alimwelekeza kwa mwingine, hadi akachoka. Alituambia kwamba kifo alikiweka mikononi mwa Mungu, ila ule ukimya bado anao nyumbani. Laiti mtu mmoja angeketi naye na kumwambia yaliyotokea, hata kama yalikuwa machungu.

Ndiyo maana mzee aliyeuliza swali lile ndiye sasa anayetoa neno kwa wanafunzi wapya. Bado huwasimulia habari za Luka. Kisha huwasimulia habari za wale akina mama 459, na kuwaambia kwamba siku watakapogundua wamekosea, wasikimbie ukweli wala wasikimbie rehema. Waende kwanza kwa mgonjwa na jamaa zake, waseme. Kisha, wakishindwa kulala, waje kwetu. Mlango wa mchungaji na wa wazee uko wazi hata usiku.

Nasi tulio katika viti tumepewa sehemu yetu. Daktari atakapokuja kuungama, tusimpokee kwa mawe. Tukimpokea hivyo, atakayefuata atanyamaza.