Mtoto Akianguka, Nani wa Kulaumiwa?



Mtoto ameanguka kutoka kwenye bembea na mkono wake umevimba. Jirani anatafuta gari, yaya analia, na mtoto mwenyewe analia zaidi. Baba anafika, na neno lake la kwanza si "Pole, mwanangu." Ni hili: "Mama watoto, ulikuwa wapi?" Siku nyingine mambo huwa kinyume: baba ndiye aliyewapeleka watoto kiwanjani Jumapili alasiri, na mama ndiye anayeuliza. Mkono hupona baada ya majuma machache. Swali lile laweza kukaa nyumbani miaka mingi.

Hebu basi tulichunguze. Je, mtoto akiumia mchezoni, ni lazima apatikane mwenye hatia?

Wapo wasemao kwamba ajali haina kinga, na hapo hufunga mazungumzo. Wengine hudhani mzazi mwema ni yule ambaye mtoto wake haumii kamwe. Wote wamekosea. Wale wa kwanza humwondolea mzazi wajibu wake. Wale wa pili humtwika mzigo ambao hakuna binadamu awezaye kuubeba.

Ili kuuona ukweli, yatupasa kutofautisha hatari za aina mbili. Ipo hatari ambayo mtoto mwenyewe anaiona. Mtoto wa miaka minane akikwea mpera anajua kwamba yuko juu. Hujaribu tawi kwa mguu kabla ya kulikalia, huogopa kidogo, kisha huendelea au hushuka. Hapo anajifunza kupima nguvu zake, na hakuna maonyo yetu yawezayo kumfundisha hayo akiwa amekaa kitini.

Hatari ya pili ni ile asiyoweza kuiona wala kuielewa: mnyororo wa bembea ulioliwa na kutu, shimo la choo lililofunikwa kwa mbao mbovu, machimbo ya mawe yaliyojaa maji ya mvua. Hata nafasi kati ya vyuma vya kukwelea ina hatari yake. Ikiwa inazidi sentimita 9 lakini haifiki sentimita 23, mtoto mdogo anayetanguliza miguu aweza kupitisha mwili, kisha kichwa kikanaswa. Kadhalika kamba ya kofia ya sweta yaweza kunasa juu ya mtelezo na kumkaba shingo. Hiyo ni mitego. Wazazi wana wajibu wa kuiondoa, kwa sababu mtoto hawezi kujilinda na asichokijua.

Huenda mmoja wenu akasema, "Afadhali wakae ndani, tuwe na amani." Lakini kucheza si anasa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unautaja mchezo kuwa haki ya mtoto. Asiyeruhusiwa kukwea akiwa mdogo atakwea siku moja akiwa hajui kuanguka. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Tena hofu yetu yenyewe yaweza kuumiza. Wazazi wengi humpakata mtoto mdogo na kuteremka naye kwenye mtelezo, wakidhani hiyo ndiyo njia salama. Kumbe kiatu cha mtoto hukwama pembeni, uzito wa mtu mzima huendelea kushuka, na mfupa wa muundi huvunjika. Angeteleza peke yake, mguu ukikwama angesimama tu. Yafaa achague mtelezo mfupi unaolingana na umri wake, nawe usimame kando.

Basi, badala ya kubishana nani ana hofu na nani ni mzembe, nendeni wote wawili mkakitazame kiwanja. Majeraha mengi ya viwanjani hutokana na kuanguka, na ukali wake hutegemea sana mtoto ameangukia nini. Saruji, lami na udongo uliokauka havina huruma. Mchanga laini wenye kina cha sentimita 30 hivi, ulioenea karibu mita 2 kila upande wa vyombo vya kukwelea, na mbali zaidi mbele na nyuma ya bembea, hupunguza kishindo. Lakini mchanga hushindiliwa na miguu; sharti ulegezwe kwa reki na kuongezwa. Tikiseni nguzo. Kagueni vyuma na misumari. Gusa mtelezo wa bati kwa kiganja saa za jua kali, maana huunguza. Shuleni pia ulizeni. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama kwa shule za Kenya, na mkutano wa wazazi ni mahali pazuri pa kuuliza kiwanja cha watoto kinatunzwa na nani.

Sasa turudi kwenye lawama. Sisemi kwamba kila kosa linyamaziwe. Kama mlijua mnyororo umelika, na mlikuwa na uwezo wa kuufungua, basi huo ni uzembe na yafaa usemwe. Usemwe jioni, mtoto amelala, na usemwe kwa haki. Katika nyumba nyingi mama au yaya ndiye mwenye kuangalia watoto mchana kutwa, huku jiko likiwaka na nguo zikiloweka. Baba afikaye jioni na kuketi kama hakimu aulize kwanza: je, nilichukua zamu yangu lini? Na yule yaya, ambaye mara nyingi ni msichana mdogo mwenyewe, mlimwonyesha mitego ya mahali hapo, au mlimwachia watoto tu?

Liko jambo zito zaidi. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Mtoto akiona kwamba kila akianguka wazazi hugombana, atajifunza kuficha. Ataingia ndani kimya, atasema hana kitu, atalala mapema. Kama amejigonga kichwa, kimya hicho chaweza kumgharimu uhai. Mtoto aliyejigonga kichwa akapoteza fahamu, akatapika tena na tena, akasinzia isivyo kawaida au kuongea ovyo, apelekwe hospitali mara moja. Lakini mtamjuaje, ikiwa anawaogopa? Usalama wake wa kwanza ni kuweza kusema, "Baba, nimeanguka," bila kutetemeka.

Siku hiyo ikifika, gawaneni kazi. Mmoja amtulize mtoto, mwingine atafute usafiri. Mkono uliovunjika usikandwe wala kunyooshwa. Utegemezwe kwa leso jinsi ulivyo, bila kukazwa, kwa kuwa kitambaa kikikaza huzuia damu. Ulizeni ilikuwaje, ili daktari ajue. Swali la "ulikuwa wapi?" halimsaidii daktari.

Juma hili, kabla lolote halijatokea, kaeni pamoja mkubaliane mambo matatu: watoto wenu waruhusiwe kukwea na kucheza nini kwa umri wao, ni mtego gani mtakaouondoa kwanza, na nani atakuwa na zamu ya macho siku gani. Mkisha kukubaliana, ruhusa aliyoitoa mmoja ni ruhusa ya wote wawili. Na mtoto akianguka chini ya ruhusa hiyo, ameanguka mikononi mwa wote wawili, si mwa mmoja.